Kuacha Sigara kwa Mtu wa Mwaloni

Katika mwalo wa Kirumba jijini Mwanza, yaani ufukwe wa Ziwa Victoria ambako mitumbwi hushusha samaki na dagaa, na ambako nimefanya kazi sehemu kubwa ya maisha yangu, ni watu wachache wanaonunua sigara kwa pakiti. Sigara hununuliwa moja moja, kwenye kibanda kilekile kinachouza vocha, biskuti na dawa ya meno, na kiberiti cha gesi huwa kimefungwa kwa uzi kwenye nondo ya dirisha ili mteja awashe palepale bila kuondoka nacho. Kwenye kibanda nilichokizoea, uzi huo ulikuwa umeungwaungwa kwa mafundo na ncha yake imekuwa nyeusi kwa kuungua, maana kila ulipokatika mwenye kibanda aliufunga tena badala ya kuubadilisha. Alikuwa na daftari pia. Asiye na hela alfajiri aliandikwa, akalipa mchana magunia yakishauzwa.

Nimeanza na kibanda kwa sababu ushauri mwingi wa kuacha sigara humlenga mvutaji mwenye pakiti mfukoni, ambaye siku akiamua anaitupa chooni na kujihesabu ameanza safari. Mimi sikuwa na cha kutupa. Sigara zangu zilitunzwa na watu wengine, na kati ya geti la mwalo na mlango wa ghala nililofanyia kazi hapakukosekana mtu wa kuniuzia, kunikopesha au kuniachia kipisi. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005 na ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2007, unazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja, kwa hoja kwamba bei ndogo humrahisishia mtoto kuanza. Ningeongeza kwamba humzuia pia mtu mzima kujua anavuta kiasi gani, kwa sababu anayenunua moja moja hana pakiti tupu ya kumsuta jioni.

Niliianza ziwani. Nikiwa kijana nilikaa miaka kadhaa katika kambi za wavuvi kwenye visiwa vya Ukerewe, nikivua dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku usio na mwezi. Taa huwekwa zielee juu ya maji, enzi zile zikiwa karabai za mafuta ya taa na siku hizi nyingi zikiwa za sola au betri, wadudu wakaufuata mwanga na dagaa wakakusanyika chini yake, na wavuvi wakangoja mpaka wawe wa kutosha ndipo wavu uzungushwe. Kuvuta wavu hakumalizi usiku. Kinachomaliza usiku ni kungoja. Mtu ameketi kwenye ubao uliolowa, upepo unapiga, hakuna cha kufanya, na akisinzia anaweza kutumbukia majini. Nahodha wetu aligawa sigara pamoja na posho ya chakula, na aliyeikataa yake alionekana ama mgonjwa ama mwenye kiburi. Wiki za mwanzo nilikuwa nikichefuka na kutema mate pembeni mwa mtumbwi, kisha mwili ukazoea, na baada ya hapo nikawa mtu wa kwanza kunyoosha mkono.

Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu mbele ya anga, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa. Kipindi hicho tunakiita mbalamwezi. Nitakirudia, kwa sababu ndicho kilichonisaidia kupanga kuacha.

Nilipohamia nchi kavu na kuwa karani wa ghala la dagaa, baridi ya ziwani niliiacha huko lakini sigara nilikuja nayo. Ilijipatia saa zake upya. Ilikuwapo ya saa kumi alfajiri, kabla hata sijanawa uso, nikisubiri mitumbwi ya usiku. Ilikuwapo ya kahawa. Ilikuwapo ya baada ya kupima magunia, hasa siku ambayo mfanyabiashara aliyetoka Kongo na wakala wake wamebishana na mimi juu ya mizani mpaka sauti zimekauka. Ilikuwapo ya baada ya ugali, ambayo nadhani kila mvutaji anaijua, na ya jioni kwenye bao. Kama mtu angeniambia wakati huo kwamba navuta kwa uraibu ningemkatalia, kwa kuwa kila moja ilikuwa na sababu yake na sababu hizo zilionekana za maana.

Kilichonipeleka hospitali ni kikohozi kilichopita wiki mbili. Watu wa mwaloni tunajua maana yake: ukikohoa zaidi ya hapo unatakiwa kupimwa kifua kikuu, na uvutaji wenyewe huongeza hatari ya kuugua ugonjwa huo. Nilitoa makohozi, majibu yakarudi hayana vijidudu, na nilikuwa nimekwisha kuinuka ili niondoke nilipoulizwa swali moja na daktari, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza.

"Baba, ukishaamka unakaa muda gani kabla ya kuwasha ya kwanza?"

Nilitegemea aniulize navuta ngapi, na kwa swali hilo nilikuwa na jibu la uongo tayari. Kwa hili sikuwa nalo. Nikamwambia kwamba naiwasha kabla hata sijanawa uso. Akanieleza kwamba swali hilo ni mojawapo ya maswali sita ya kipimo kinachoitwa cha Fagerström, na kwamba anayewasha ndani ya dakika tano za kuamka hupewa alama za juu kabisa kwenye swali hilo, kwa sababu inaonyesha jinsi mwili wake ulivyokwisha kuifanya nikotini kuwa sehemu ya mahitaji yake. Nikotini ya moshi huufikia ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya kama saa mbili, kwa hiyo aliyelala usiku kucha huamka akiwa na deni. Ule utulivu niliokuwa nausifia, alisema, kwa sehemu kubwa ni adha ya sigara iliyopita ikiondolewa na hii ya sasa, ambayo nayo inaandaa adha ya inayofuata.

Hakunihubiria. Alinipa kazi ambayo karani yeyote angeiweza: kwa wiki moja niandike kila sigara ninayovuta, saa ngapi, nikiwa wapi na nani. Nilitumia daftari la ghala, kurasa za nyuma, nikachora safu kama za kupokelea mzigo. Nilipoisoma orodha ile mwishoni mwa wiki niliona mambo mawili ambayo sikuwahi kuyafikiria. La kwanza ni kwamba sigara nyingi nilizivuta bila hamu yoyote, kwa sababu tu aliyekuwa karibu yangu amewasha. La pili ni kwamba zile zenye hamu ya kweli hazikutawanyika ovyo, zilisimama kwenye saa zilezile kila siku, na saa hizo zilikuwa zimepangwa na kazi. Tangu hapo niliacha kufikiri juu ya kuacha sigara kwa ujumla wake. Nikawa nafikiri juu ya saa kumi alfajiri, juu ya kahawa, juu ya mizani, kila moja kwa dawa yake.

Mbalamwezi ilipokaribia niliomba ruhusa kwa tajiri. Ghala linakuwa tulivu siku hizo na hakunikatalia. Nilikwenda Misungwi kwa mjomba wangu, kijijini ambako duka la karibu liko mbali kiasi cha kumfanya mtu afikirie mara mbili, na nilifika jioni nikiwa nimevuta ya mwisho stendi ya Nyegezi kabla ya kupanda gari. Daktari alikuwa ameniambia kwamba dalili za kuikosa nikotini huwa kali zaidi katika siku mbili tatu za kwanza, kisha hupungua polepole kwa wiki kama mbili hadi nne. Nilitaka siku hizo kali zinikute mahali ambapo hakuna mtu wa kunikopesha.

Zilinikuta kweli. Sikulala vizuri. Nilikasirishwa na mambo ya ajabu, kama jinsi jogoo wa mjomba alivyokuwa akitembea. Choo kilikuwa kigumu, vidonda vikatokea mdomoni, na nilikula kila kilichowekwa mbele yangu na bado nikatafuta kingine. Kikohozi ambacho kilinipeleka hospitali, badala ya kupungua, kiliongezeka, na kama sikuwa nimeonywa mapema ningeona kwamba kuacha kunaniua. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kusukuma uchafu na makohozi kuelekea juu. Moshi huvilemaza, na mtu anapoacha huanza tena kufanya kazi, kwa hiyo anakohoa yaliyokuwa yamelala.

Mjomba aliniangalia siku ya pili nikizunguka uani, akanionea huruma. Yeye ni mtu wa ugoro tangu nimjue. Alitoa kikopo chake, akakigonga kwa kidole na kunisogezea.

"Mpwa, chukua kidogo. Hii haina moshi."

"Asante mjomba, lakini huyo ninayemkimbia yumo humo humo."

"Basi chukua jembe," alisema, akafunga kikopo chake.

Nililima. Ugoro ni tumbaku na nikotini yake ni ileile. Tumbaku isiyo na moshi nayo husababisha saratani, ya mdomo ikiwamo. Nimewaona watu wa mwaloni walioacha sigara wakahamia kwenye kuiweka tumbaku chini ya mdomo na kujipongeza, na sioni walichokiacha zaidi ya harufu.

Jambo la kahawa lilinisumbua kuliko nilivyotarajia na sikuwahi kulisikia kwa mvutaji mwenzangu yeyote. Niliporudi mjini niliendelea na vikombe vyangu vya kahawa chungu kama kawaida, nikijiambia kwamba angalau hiki sikukatazwa. Mikono ikaanza kutetemeka, moyo ukawa unakwenda mbio, usingizi ukapotea kabisa, nami nikaamini kwamba yote hayo ni hasira ya sigara. Nilipompigia daktari simu alicheka kidogo. Kumbe moshi wa sigara huufanya mwili wa mvutaji uivunjevunje kafeini haraka kuliko wa asiyevuta, kwa hiyo anayeacha huku akinywa kiasi kilekile cha kahawa hujikuta na kafeini nyingi zaidi katika damu. Nilipunguza vikombe kwa nusu, na vilivyobaki nikavinywa nimesimama kwa muuza kahawa anayezunguka na birika lake badala ya kukaa kijiweni. Kutetemeka kuliisha ndani ya siku chache. Nashangaa kwamba jambo dogo hivyo, ambalo huenda limewarudisha wengi kwenye sigara, halisemwi kwa sauti kubwa zaidi.

Saa kumi alfajiri ilihitaji mpango wake. Kabla ya kurudi kazini nilikwenda kwa mwenye kibanda, mama mmoja mcheshi ambaye nilikuwa nimeandikwa kwenye daftari lake kwa miaka.

"Mama, kuanzia leo usinikopeshe sigara, hata nikikulilia."

"Na ukija na hela mkononi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo, na nililipenda swali lake kwa sababu halikunidanganya. Alisema wazi kwamba yeye anafanya biashara, na mwenye hela atamuuzia. Basi nikawa natoka nyumbani alfajiri na nauli peke yake. Kwa kuwa hakuna gunia linalouzwa kabla ya jua kutoka, na mkopo umefungwa, saa zile mbaya kuliko zote zilinikuta sina njia. Hamu yenyewe, ukiiangalia kwa saa, haikai muda mrefu. Inapanda, inakaa dakika chache, inashuka, iwe umevuta au hukuvuta. Dakika hizo nilizipa kazi ya mikono: kuhesabu upya magunia ya jana, kufagia mbele ya ghala, kutafuna mswaki wa mti. Baadaye mchana nilinunua mihogo mibichi inayouzwa na vijana, ile inayokatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi, pilipili na ndimu, ambayo inaujaza mdomo na kuuchoma vya kutosha kumsahaulisha mtu. Karanga nazo zilinisaidia, ingawa ndizo zilizoninenepesha. Wanaoacha wengi huongezeka kilo kadhaa katika mwaka wa kwanza, na mkanda wangu ulishuhudia.

Watu walikuwa wagumu kuliko saa. Mwaloni sigara ni salamu. Rafiki aliyetoka kisiwani baada ya mwezi mzima anakukumbatia, anawasha yake, anavuta pafu mbili na kukupa. Kumrudishia mkono ni kama kukataa maji ya kunawa kwenye nyumba ya mtu. Mwanzoni nilitoa udhuru: kifua kinaniuma, nimetoka kuvuta sasa hivi, nina dawa. Udhuru una kasoro kwamba kesho unaulizwa kama umepona. Ilinibidi niseme wazi kwamba nimeacha, na nilipenda kulisema nikiwa tayari nimeshika kitu kingine mkononi, kalamu au kikombe, ili mkono usiwe na nafasi. Wengine walinicheka na kuniita mlokole. Wawili watatu walikaa kimya, kisha baadaye, tukiwa peke yetu, wakaniuliza niliwezaje. Kuna mmoja ambaye urafiki wetu ulikuwa umejengwa juu ya bao na sigara tu, na urafiki huo ulififia. Siwezi kusema haukuniuma.

Niliuliza pia kuhusu dawa. Bazoka na plasta za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na mwaka 2021 orodha hiyo iliongezewa vidonge viwili, bupropion na varenicline. Dawa za nikotini huongeza uwezekano wa kufaulu kwa takriban nusu ya ule wa asiyezitumia, jambo ambalo si dogo kwa uraibu wa namna hii. Maduka ya dawa niliyopita katikati ya mji hayakuwa nazo, na nilikotajiwa kwamba zinaweza kuagizwa niliambiwa bei ambayo ingenimaliza mshahara. Nilifanya bila dawa kwa sababu hiyo, na sipendi mtu alichukulie jambo hilo kuwa ushujaa. Anayeweza kuzipata azitumie. Bazoka ya nikotini haitafunwi mfululizo kama ya kawaida; hutafunwa taratibu mpaka mdomo uwashe, kisha huwekwa kati ya shavu na ufizi ili nikotini iingie polepole, na anayeitafuna kwa pupa hupata kichefuchefu na kwikwi.

Msiba ndio ulionirudisha nyuma. Alifariki ndugu wa upande wa baba, na kama ilivyo desturi wanaume tulilala nje kuzunguka moto. Usiku wa msiba ni mrefu kwa namna inayofanana sana na usiku wa ziwani: baridi, kungoja, maneno machache, na sigara ikizunguka. Niliipokea bila kufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Kesho yake nikavuta mbili, na baada ya matanga nilikuwa nimerudi kibandani, safari hii na hela mkononi. Ilichukua mbalamwezi nyingine mbili kabla sijaanza upya. Niliandika tena katika daftari, na nikaongeza safu ambayo mara ya kwanza haikuwapo, ya siku zisizo za kawaida: misiba, harusi, safari za meli ya usiku kwenda Bukoba. Kwa misiba nilijipangia nafasi nyingine. Siku hizi nikifika naomba kazi, ya kupasua kuni au kuchota maji au kuandika michango, maana mwandishi wa michango hukaa mezani chini ya taa na wazee wasiovuta, na hakuna anayemshangaa kwa kutokuwapo kwenye moto.

Mke wangu hakuwahi kunigombeza kuhusu sigara, hata wakati mtoto wetu mdogo alipokuwa akisumbuliwa na kifua mara kwa mara katika chumba tulichopanga Mabatini, kule juu kwenye mawe, ambako dirisha moja ndilo lililohudumia nyumba nzima. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni moja ni wasiovuta waliopumua moshi wa wengine. Nilimsomea takwimu hizo siku moja, nikiwa na majivuno ya mtu aliyeacha. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, ndani, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha.

"Wewe moshi wako umeuacha," alisema bila kugeuka. "Na huu wangu je?"

Sikuwa na jibu, na nilipofika kazini niliwatazama kwa jicho jingine akina mama wanaobanika sangara, wanaokaa kutwa mbele ya matanuri ya kuni macho yakiwa mekundu, ambao wengi wao hawajawahi kushika sigara. Hela ya sigara ya miezi michache ilitosha kununua mabati na mbao za kibanda cha jiko nje ya chumba. Mtungi wa gesi ulikuja baadaye. Sijui kama ningewahi kuiona hela hiyo, kwa kuwa ilikuwa ikitoka kwa sarafu, mia mbili hapa, mia mbili pale, wala haikuwahi kukaa mahali pamoja ikaonekana.

Shemeji yangu aliyewahi kulima tumbaku Urambo alitutembelea mwaka huo, na aliposikia habari zangu alisimulia jinsi walivyokuwa wakivuna majani asubuhi yakiwa na umande, nguo zikalowa, na jioni wakatapika na kuumwa vichwa. Nikotini hupenya ngozi kutoka kwenye jani lililolowa. Alisimulia kama mtu anayeeleza ajali za kazi yoyote nyingine, kisha akaomba aongezewe wali. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuta.

Kuhusu mwili, mabadiliko yalikuja bila kishindo. Kiwango cha gesi ya kaboni monoksaidi katika damu hurejea hali ya kawaida ndani ya siku moja hivi, lakini hilo huwezi kulihisi. Nilichokihisi mimi, baada ya wiki kadhaa, ni mawe ya Mabatini: nilikuwa nimezoea kusimama mara mbili katikati ya ngazi nikijifanya naangalia ziwa, na siku moja nikajikuta nimefika mlangoni. Pua nayo ilirudi, na hiyo haikuwa neema tupu kwa mtu anayekaa kutwa ndani ya ghala la dagaa. Kwa upande wa kazi ilinifaa. Gunia lililoloa mvua kisha likaanikwa upya ili lionekane kavu sasa naligundua kwa kunusa, na mawakala wamelijua hilo.

Nilipokwenda kumwona daktari baada ya mwaka, aliniambia kwamba hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa aliyeacha hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji baada ya mwaka mmoja, na hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu baada ya miaka 10. Alinitajia pia utafiti wa madaktari wa Uingereza, ulioanzishwa na Richard Doll na Austin Bradford Hill mwaka 1951 na kutolewa matokeo yake ya miaka 50 mwaka 2004. Mvutaji wa maisha hupoteza wastani wa miaka 10 ya kuishi; anayeacha akiwa na miaka 40 hujirudishia takriban 9 kati ya hiyo, wa 50 takriban 6, na wa 60 takriban 3. Mimi nilikuwa nimepita arobaini. Nilipiga hesabu njiani nikirudi, nikaipenda.

Hamu haijafa kabisa. Hunijia bado siku ya kubishana juu ya mizani, na kila ninaposafiri majini usiku. Inakaa kidogo, inaondoka.

Mwaka huu kijana mmoja wa mtumbwi wa tajiri wetu, anayevua kwenye maji ya Goziba, ameniomba nimsaidie kuacha. Anavuta ya kwanza kabla ya kunawa uso, kama nilivyokuwa. Nilimpa daftari, naye akalirudisha limelowa na kunuka dagaa lakini limejazwa vizuri, na orodha yake inaonyesha kwamba sigara zake nyingi ni za saa ile ya kungoja, na kwamba karibu zote anapewa na nahodha. Kwa hiyo mihogo na mswaki peke yake havitamtosha. Nimezungumza na tajiri amhamishie kwenye mtumbwi mwingine ambao nahodha wake havuti, na tajiri amekubali, isipokuwa amesema ni baada ya giza hili kuisha, kwa sababu katikati ya msimu hawezi kuvunja timu. Kijana atashuka Kirumba mbalamwezi ikianza. Nimemtumia ujumbe kwamba afikie kwangu moja kwa moja, asipite kwanza kijiweni, na kwamba mjomba wangu kule Misungwi ana shamba la mpunga linalohitaji palizi.